Mashine ya Petroli na Mafuta Yasiyo Yake: Mwongozo kwa Wenye Pampu, Jenereta na Boti

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye riziki yake inazunguka pamoja na mashine ndogo ya petroli: mkulima mwenye pampu ya kumwagilia nyanya, kinyozi anayetegemea jenereta umeme ukikatika, mvuvi mwenye mashine ya boti, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Kila bei ya petroli inapopanda, wote hawa huulizana swali moja: je, mashine hii haiwezi kunywa kitu kingine? Inaweza. Lakini si chochote, si kila mashine, na mara nyingi faida haifiki pale mtu alipoitarajia.

Tuanze na dizeli, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa zaidi na jibu lake ni fupi. Usiweke dizeli kwenye mashine ya petroli. Hakuna skrubu ya kukaza wala jeti ya kubadilisha itakayoifanya ikubali, na fundi anayekuahidi hivyo mwombe kwanza akuonyeshe mashine yake mwenyewe inayofanya kazi hiyo kwa msimu mzima.

Sababu zake ni mbili, na ukizielewa utakuwa umeelewa karibu kila kitu kitakachofuata. Ya kwanza ni mvuke. Mashine ya petroli haichomi petroli iliyo maji, inachoma mvuke wake uliochanganyika na hewa kwenye kabureta. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ndiyo maana asubuhi ya kipupwe kule Njombe au Limuru ukivuta kamba mara mbili mashine inaitika. Mafuta ya taa yanataka joto la kama nyuzi 38 ndipo mvuke wake ushike cheche. Dizeli inataka zaidi ya 50. Kwa hiyo kwenye mashine iliyolala usiku kucha, dizeli hupita kabureta ikiwa bado matone, huenda kulowesha plagi, na plagi iliyolowa haiwashi kitu.

Sababu ya pili hujitokeza mashine ikiwa tayari ya moto, na hapa ndipo wengi hudhani wamepata ujanja. Mashine ndogo ya petroli hubana hewa yake kama mara 8 au 8 na nusu. Mashine ya dizeli hubana mara 16 mpaka 22, kwa kuwa yenyewe haina cheche. Joto la hewa iliyobanwa ndilo linalowasha mafuta. Dizeli imetengenezwa iwe nyepesi kujiwasha ikibanwa. Petroli imetengenezwa ivumilie kubanwa, ingoje cheche, na uvumilivu huo ndio unaopimwa kwa namba ya okteni. Ukiipeleka dizeli kwenye mashine ya cheche, sehemu kubwa haipati mvuke wa kuwaka vizuri, na ile kidogo inayopata haina subira. Nyingine hujiwasha kabla ya zamu yake, ikiisukuma pistoni kinyumenyume. Utasikia mlio kama kijinyundo kinachogonga bati. Huo si mlio wa mashine inayozoea mafuta mapya, pistoni inapigwa. Na dizeli isiyoungua hushuka taratibu kupitia kwenye ringi mpaka kwenye oili.

Ikitokea kijana wa shamba amekosea dumu akamimina dizeli, la kwanza ni kuacha kuvuta kamba. Kila unapovuta unaipeleka mbele zaidi. Mwaga tangi lote, fungua kikombe cha chini ya kabureta umwage kilichomo, toa plagi uifute na kuikausha. Kabla ya kuirudisha plagi, vuta kamba mara kadhaa ili silinda iteme ilichomeza, huku waya wa plagi ukiwa mbali na tundu na hakuna mtu anayevuta sigara karibu. Kisha chomoa kijiti cha oili. Ikiwa oili imepanda juu ya alama au inanuka dizeli, imwage hata kama uliibadilisha jana. Tia petroli safi, washa, na uache itoe moshi mweupe mpaka uishe. Mashine iliyosimamishwa mapema namna hii kwa kawaida haidhuriki. Inayonoki ni ile iliyolazimishwa kumaliza shamba. (Kosa la upande wa pili, petroli kwenye mashine ya dizeli, ni baya zaidi: pampu na nozeli za dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na petroli huziacha zikisagana kavu.)

Sasa mafuta ya taa. Hapa jibu si la mkato, kwa sababu zipo mashine za cheche zilizotengenezwa kweli kweli kunywa mafuta ya taa. Trekta la kijivu la Ferguson aina ya TED20, lililoanza kuundwa Uingereza mwaka 1949, lilitumia mafuta ya jamii ya taa yaliyokuwa nafuu kuliko petroli. Dereva aliliwasha kwa petroli, akalisubiri lipate moto, ndipo akageuza koki. Utaratibu huohuo ndio wa mashine za boti za mafuta ya taa zinazouzwa leo. Yamaha, kwa mfano, wana aina zao maalumu. Mvuvi hakuvutwa na bei peke yake. Kwa wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria mafuta ya taa yalikuwamo chomboni tayari kwa ajili ya karabai, kwa hiyo kuyafanya yasukume mtumbwi lilikuwa wazo jepesi.

Tofauti ya mashine hizi na yako iko ndani. Mtengenezaji amepunguza mbano, jeti zimepimwa upya, na zipo njia mbili za mafuta zenye koki ya kuchagua. Mbano ndio mzizi wa mambo: okteni ya mafuta ya taa haifikii hata nusu ya ile ya petroli, kwa hiyo ukiyabana kama petroli yatagonga. Mafundi wengine huweka gasketi nene zaidi, au mbili, chini ya kichwa cha silinda ili kupunguza mbano. Inasaidia. Lakini nguvu inashuka, na gasketi mbili zisizokazwa kwa kipimo hupasuka upande mmoja zikaanza kupuliza. Mwenye mashine aijue bei hiyo kabla ya kukubali.

Kwa mwenye mashine halisi ya mafuta ya taa, siri yote iko kwenye kuanza na kumaliza. Washa kwa petroli. Iache inywe petroli dakika 5 au zaidi mpaka silinda iwe ya moto sawasawa, ndipo ugeuze koki. Ikiwa inatumia mafuta ya taa, ipe kazi. Usiiache ingurume bure bila mzigo, kwa maana hapo hupoa, na ikipoa inaanza kumeza mafuta yasiyoungua. Unapokaribia kumaliza, rudisha koki kwenye petroli dakika chache ili kikombe cha kabureta kijae petroli. Anayeizima ikiwa bado kwenye mafuta ya taa hujikuta kesho alfajiri anavuta kamba mpaka bega liume, halafu anailaumu plagi. Kwa mvuvi huu si uvivu mdogo: upepo ukibadilika mashine imezimwa na imepoa, atataka iwake kwa mvuto wa kwanza.

Mashine yenye oili yake chini, ya mipigo 4, ina hatari yake ya kimyakimya. Mafuta ya taa yasiyoungua huteremka na kuizimua oili mpaka iwe nyepesi kama chai, na kwa kuwa yanaongezeka, kijiti huonyesha oili imejaa. Mtu akiona imejaa hufurahi. Asifurahi: oili inayopanda yenyewe ni mgonjwa anayevimba. Chomoa kijiti kila asubuhi, kinuse, kisugue kati ya vidole. Na pale kitabu cha mashine kinaposema ubadilishe oili baada ya saa 100, wewe wa mafuta ya taa badilisha baada ya saa 50, au mapema zaidi ukisikia harufu.

Mashine za mipigo 2, zile ambazo oili huchanganywa na mafuta tangini, zina uzushi wake. Utasikia mtu akisema mafuta ya taa yana mafuta yake, hivyo oili ipunguzwe. Si kweli. Hayana uwezo wa kulainisha shafti wala pistoni inayokimbia kwa maelfu ya mizunguko kwa dakika. Ikiwa kitabu kinasema 50 kwa 1, ni mililita 20 za oili kwa kila lita. Kikisema 25 kwa 1, ni mililita 40. Pima kwa chupa yenye alama, usipime kwa kifuniko na macho. Nimefungua mashine kadhaa zilizopimiwa kwa macho, na pistoni zake zilikuwa na mikwaruzo ya wima kana kwamba zimekwanguliwa na msumari.

Wapo wanaochanganya petroli na mafuta ya taa nusu kwa nusu kwenye mashine ya kawaida. Mashine itawaka, na ndilo tatizo: inakushawishi. Itagonga ukiipa mzigo mzito, itajaza masizi kwenye plagi na sailensa, oili itazimuliwa, na utakachookoa kwenye mafuta utakilipa kwenye ringi. Tukiuziwa mchanganyiko huo kituoni tunauita uchakachuaji na tunakasirika kwa haki. Sioni kwa nini mtu ajichakachue mwenyewe.

Na akiba yenyewe iko wapi siku hizi? Zamani mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kwa kuwa ni mafuta ya mnyonge, ya kibatari na jiko, na tofauti hiyo ndiyo iliyowanenepesha wachakachuaji. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, iweze kuyatambua yaliyochezewa, kisha katika bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei yake isogee karibu na ya dizeli. Kenya nayo mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita kwa sababu hiyohiyo. Aliyesikia kwa baba yake kwamba mafuta ya taa ni rahisi amerithi habari ya bei iliyokwisha kufa.

Usikadirie kwa bei ya lita. Pima kwa kazi. Chukua lita 1 ya petroli, pampu ikiwa na bomba lilelile na kisima kilekile, na uangalie inajaza mapipa mangapi. Rudia kwa lita 1 ya mafuta mengine mashine ikiwa tayari ya moto. Gawanya bei kwa mapipa. Kisha ongeza gharama ya oili inayobadilishwa mara mbili zaidi na ya petroli ya kuwashia na kuzimia. Hesabu hiyo inafanyika mchana mmoja, na nina hakika itawarudisha wengi kwenye petroli.

Mbadala ulio bora kwa mashine iliyokaa mahali pamoja ni gesi ya mtungi. Gesi tayari ni mvuke, kwa hiyo kikwazo cha kwanza hakipo. Okteni yake iko juu ya ile ya petroli, kwa hiyo na cha pili hakipo. Haiachi masizi mengi, haizimui oili, haigandi ndani ya kabureta mashine ikilala miezi mitatu. Nguvu hupungua kidogo, kama sehemu 1 kwa 10, kwa kuwa mvuke wa gesi huchukua nafasi ya hewa ndani ya silinda. Kwa kulinganisha bei, kumbuka kwamba kilo 1 ya gesi ina joto karibu sawa na la lita 1.4 za petroli. Zipo jenereta zinazouzwa zikiwa na njia zote mbili tangu kiwandani, na kama bado hujanunua, nunua hiyo uepuke kazi ya kubadilisha.

Anayebadilisha mashine aliyonayo lazima aelewe jambo moja: regyuleta ya jikoni peke yake haitoshi. Ya jikoni hupitisha gesi muda wote koki ikiwa wazi. Mashine ikizima yenyewe, gesi itaendelea kumwagika kimya kimya, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hutambaa chini na kujikusanya kwenye kona, ikingoja kiberiti. Inatakiwa regyuleta ya pili iliyotengenezwa kwa ajili ya injini, inayofunguka kwa mvuto wa mashine tu na kujifunga mashine inapokata. Ule mtindo wa kuchomeka mpira wa gesi moja kwa moja kwenye kichujio cha hewa hauna nafasi katika mwongozo huu.

Mtungi usimame wima. Ukilala, hutoa gesi iliyo maji badala ya mvuke. Ukiona mtungi unatoa jasho na kuota barafu, mashine inavuta gesi haraka kuliko mtungi unavyoweza kuivukiza. Mtungi wa kilo 6 kwa jenereta kubwa hufanya hivyo. Dawa yake ni mtungi mkubwa zaidi. Kuupasha kwa moto ni kujiua. Na gesi isitumike ndani ya boti, ambako ikivuja hushuka na kukaa sakafuni mwa chombo bila pa kutokea. Wala isiwekwe kwenye mashine ya mipigo 2 inayopata oili kupitia petroli yake: petroli ikiondoka, oili imeondoka nayo.

Gesi ya samadi ni ndugu wa karibu. Mwenye ng'ombe wa zizini na mtambo wa kuba, kama ule ambao kituo cha teknolojia ya vijijini cha CAMARTEC, Arusha, kimeueneza, atajiuliza kama inaweza kuzungusha jenereta. Inaweza, ila afanye hesabu ya mavi kwanza. Kilo 1 ya mavi mabichi hutoa lita 30 mpaka 40 za gesi, na ng'ombe mmoja wa kufungiwa hutoa kama kilo 10 kwa siku. Jenereta ndogo ya kilowati 2 ikifanya kazi kwa nguvu yake yote hula karibu meta 2 za ujazo kwa saa. Basi ng'ombe watano au sita wanakupa saa moja, na jioni hiyo jiko halina kitu. Mwenye ng'ombe wawili apikie. Mwenye ishirini azungushe mashine, lakini aipitishe gesi kwenye chombo kilichojaa chuma kilichosagwa au pamba ya chuma iliyoota kutu ili kunasa ile hewa yenye harufu ya yai bovu. Hewa hiyo hula shaba na beringi za ndani, na oili hugeuka nyeusi mapema.

Spiriti, yaani ethanoli, huwaka vizuri kwenye mashine ya cheche. Brazili iliingiza barabarani gari la Fiat 147 la ethanoli tupu mwaka 1979. Ila petroli inahitaji kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo, na ethanoli 9 tu, kwa hiyo tundu la jeti lazima liongezwe, na utatumia karibu lita 1 na nusu pale ulipotumia 1 ya petroli. Hunyonya maji kutoka hewani na hulainisha baadhi ya mipira ya mafuta. Kuhusu gongo, ambayo huulizwa kwa utani ila jibu likisubiriwa kwa makini: ina maji mengi mno. Mafuta ya kupikia na oili chafu havina hata haja ya kujadiliwa, maana havitoi mvuke.

Yote haya, petroli ikiwemo, hutoa moshi wenye kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayoua mtu akiwa usingizini. Jenereta ikae nje, mbali na dirisha, hata mvua ikinyesha na hata kama mtaa una wezi. Ijengee kibanda chenye paa na pande zilizo wazi, uifunge kwa mnyororo.

Limebaki moja, ambalo ningependa mwenye kusoma alifanye leo kabla ya lolote jingine. Nyumba yenye mashine ina madumu, na madumu ya njano yanafanana. Petroli kidogo tu ikiingia kwenye mafuta ya taa, mafuta hayo hayasubiri tena nyuzi 38 ili yashike. Kwenye kibatari au jiko la utambi huripuka mkononi mwa anayewasha. Anayewasha, mara nyingi, ni mtoto aliyetumwa au mama aliyeamka alfajiri. Kwa hiyo mabaki ya tangi la mashine yasirudishwe kamwe kwenye dumu la jikoni, hata kama unaamini ni mafuta ya taa matupu. Tenga dumu la mashine, lipake rangi nyekundu mpaka kwenye mfuniko, andika PETROLI kwa herufi kubwa, ulifungie penye mashine. Kisha mwite kila mtu wa nyumbani alione.